Ukisikia "Tani", Uliza: Tani ya Nini?



Mwezi huu ninataka kuongea nanyi juu ya neno moja dogo. Si neno la katekisimo, wala si neno gumu la vitabu vya teolojia. Ni neno lenye kila mutoto wa Likasi, wa Kolwezi, wa Kambove ama wa Kipushi anasikia hata mbele ya kuingia kalasi ya kwanza: neno "tani". Katika vitabu tunaandika tani. Katika midomo yetu, kwa kuwa tulilipokea kutoka Kifaransa, mara nyingi tunasema "tone". Na hapo njo kichekesho kinaanzia, sababu katika Kiswahili tone ni kile kidogo sana chenye kuanguka toka kwenye robine ikifungwa vibaya. Basi sisi watu wa mugodi tuko na neno moja kwa tone la maji na kwa kilo elfu moja za mawe! Mugeni akitusikia atafikiri tumechanganyikiwa. Hapana. Hatukosei, sababu kila mara tunatazama kwanza ni kitu gani kinaongelewa.

Lakini ziko siku hatutazami. Siku hizo neno linatuuma, na linauma zaidi ule mwenye mufuko mwepesi.

Marehemu baba yangu alikuwa mutumishi wa izini. Jioni alirudi ku nyumba na kutuambia: "Leo tumetoa tani nyingi." Alisema hivyo kwa furaha, kama vile angezibeba zote ku mabega yake. Mama alimusikiliza, kisha akauliza posho itakuja siku gani, na kilo ngapi za bunga. Baba alihesabu kwa tani, mama kwa kilo, na sisi watoto tulihesabu kwa sahani. Kila mutu alikuwa na kipimo chake, na wote tulikula ku meza moja. Pale nilianza kuelewa kwamba kipimo si hesabu tu. Kipimo kinaonyesha mutu anasimama wapi na macho yake yanatazama nini.

Neno lilianzia kwenye pipa

Zamani, katika bahari za Ulaya, tani haikuwa kwanza uzito. Ilikuwa pipa. Wafanya biashara wa divai walipakia divai katika mapipa makubwa sana, na jina la lile pipa njo lilizaa neno letu. Mutu akitaka kujua ukubwa wa meli aliuliza: inaweza kubeba mapipa mangapi? Kwa hiyo tangu mwanzo neno lilikuwa na vichwa viwili. Kichwa cha kwanza kilikuwa nafasi ambayo pipa linachukua ndani ya meli. Kichwa cha pili kilikuwa uzito wa pipa likijaa. Vichwa hivi viwili vilizaa watoto wengi, na kila mutoto alienda kufanya kazi kwake.

Tuanze na uzito. Tani yetu ya Kongo, ile ya Ufaransa na ya Ubelgiji, ni kilo 1,000 kamili. Unaweza kuionyesha watoto wako bila mizani: tanki ya maji yenye meta moja urefu, meta moja upana na meta moja kimo, ikijaa, maji yake ni lita 1,000, na uzito wake ni tani moja. Lakini Waingereza walikuwa na tani yao ya zamani, yenye kilo 1,016 hivi. Na Wamarekani hata leo wako na tani yao, nayo ni ndogo: kilo 907 hivi. Kati ya ile ya Uingereza na ile ya Marekani kuna tofauti ya kilo 109. Ni kama watu wawili wazima wamesimama ku mizani na hakuna mutu anayewaona!

Kichwa kile kingine, cha nafasi, kilibakia baharini. Shaba yetu ikifika Dar es Salaam ama Lobito inapakiwa ku meli. Kwa miaka mingi, walipoandika tani ku karatasi za meli, mara nyingi hawakuwa wanasema uzito. Walikuwa wanasema nafasi ya ndani: tani moja ya namna hiyo ilikuwa karibu meta za ujazo 2.83. Meli tupu, bila hata kilo moja ya muzigo, iliweza kuitwa meli ya tani 5,000. Mataifa yalipatana London mwaka 1969 juu ya namna mupya ya kuhesabu ukubwa wa meli, na mapatano yale yalianza kutumika mwaka 1982. Hesabu ya leo inatoka bado ku nafasi ya ndani ya meli, si ku uzito wake. Lakini meli ileile iko na hesabu zingine pia: tani za muzigo na vitu vyote inavyoweza kubeba, na tani za maji ambayo inasukuma ikikaa baharini, ambazo ni uzito wake wote. Meli moja, tani za namna tatu, na hakuna aliyesema uongo.

Daraja na kamio

Utasema: "Pasta, mambo ya meli ni ya watu wa bahari, sisi tuko mbali." Haya, tuje ku barabara yetu.

Shofere anasema: "Niko na kamio ya tani kumi." Anataka kusema nini? Anataka kusema kamio yake inaweza kubeba muzigo wa tani kumi. Sasa anafika ku daraja na anakuta kibao kimeandikwa: tani 10. Anafurahi. Anasema: "Njo yangu hiyo, twende!" Lakini kibao hakiongei na muzigo. Kibao kinaongea na kila kitu chenye kukanyaga daraja: muzigo, na chuma ya kamio yenyewe, na magurudumu, na mafuta, na shofere, na wale wote waliopanda juu ya mifuko. Kamio ya namna ile, hata ikiwa tupu, iko na tani zake nyingi. Ukizijumlisha, daraja linabeba zaidi ya nguvu yake. Tani ya shofere na tani ya daraja zinaandikwa sawasawa, lakini si moja. Vijana munaopanda juu ya mizigo, mukumbuke neno hili. Daraja halijui kusoma mawazo ya shofere.

Kuna tani ingine ambayo haina uzito kabisa. Mama moja wa kanisa anauza samaki za baridi. Fundi alimuambia: "Mama, mashini hii ni ya tani mbili." Yule mama alikuja kuniuliza mbele ya kutoa feza: je, chumba kile kitaweza kulaza tani mbili za samaki? Aliuliza vizuri! Mafundi wa baridi wako na tani yao. Zamani, mbele ya mashini, watu walinunua barafu. Kwa hiyo walipima nguvu ya mashini kwa kuilinganisha na barafu: tani moja ya baridi ni nguvu ya kupoza iliyo sawa na ile ya tani moja ya barafu, tani ya Marekani, ikiyeyuka muda wa saa 24. Ni kilowati tatu na nusu hivi. Ukiona ku klimatizeri wameandika 12,000 BTU, ni tani moja hiyo, hata kama unaweza kuibeba na rafiki yako mukipanda ngazi. Basi tani mbili za fundi hazisemi chumba kinaingiza samaki ngapi. Zinasema mashini inaweza kuondoa moto kiasi gani. Mama alirudi kwa fundi na kuuliza tena, mara hii kwa kilo za samaki, na fundi akamujibu kwa kilo.

Shinkolobwe

Sasa ninafika ku tani yenye kunitia uchungu zaidi, sababu ilitoka karibu na sisi.

Si mbali na Likasi kuna Shinkolobwe. Wazee wengi wanajua jina hilo. Pale Union Minière walichimba mawe ya uranium, na mawe yale yalikuwa na teneri ya juu sana, mara ingine zaidi ya nusu, wakati mahali pengine watu wanafurahi wakipata sehemu moja ku mia. Mwaka 1940, wakati vita vilifunika Ulaya, mukubwa wa kampuni ile, Edgar Sengier, alituma zaidi ya tani 1,000 za mawe yale Amerika, na yaliwekwa katika depo ku Staten Island, New York. Tani zile zilikuwa za uzito, tani za mawe. Watu wa Katanga walizichimba na kuzibeba, na hakuna aliyewaambia ni za nini. Baadaye uranium nyingi ya kazi ya siri ya Wamarekani ilitoka ku mawe ya Shinkolobwe.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu moja lilianguka ku mji wa Hiroshima katika Japani. Sikilizeni hesabu zake. Uranium iliyokuwa ndani ilikuwa kilo 64 hivi. Bomu lenyewe, na chuma yake yote, lilikuwa na uzito wa tani 4.4 hivi. Na nguvu yake, wataalamu wanasema, ilikuwa tani 15,000 hivi. Tani elfu kumi na tano za nini? Si za kitu chochote kilichokuwa ndani ya ndege. Ni tani za TNT, maana yake: ili kupata moto kama ule kwa baruti ya kawaida, ungepaswa kurundika tani 15,000 za TNT na kuziwasha pamoja. Watu makumi ya maelfu walikufa, wamama na watoto wa shule pamoja nao.

Neno ni moja. Ku Shinkolobwe lilipima jasho. Ku Hiroshima lilipima kifo. Yule aliyeandika tani ku karatasi ya meli na yule aliyeandika tani ku karatasi ya jeshi walitumia herufi zilezile. Ndiyo maana sipendi mutu akiniambia kwamba maneno ya kipimo ni maneno makavu yasiyo na roho.

Tani ya moshi

Siku hizi kuna tani ingine mupya inayoingia mpaka ku vijiji: tani ya kaboni. Watu wanakuja na karatasi na kuwaambia wakubwa wa vijiji kwamba miti yao inaweza kuuzwa bila kukatwa. Mimi sisemi ni kubaya. Kuchunga pori ni kazi nzuri, na sisi wenyewe tumeona namna makala ilivyokula miti kandokando ya miji yetu. Ninasema tu: uliza.

Kaboni ni ile nyeusi iliyo ndani ya makala. Ikiungua inashikana na hewa, na inakuwa gazi isiyoonekana. Sasa, kila sehemu 12 za kaboni zinashikana na sehemu 32 za oksijeni, na zote pamoja zinakuwa 44. Kwa hiyo tani moja ya kaboni ikiungua inatoa gazi ya tani 3.67 hivi. Umeona? Mutu akisema "tani ya kaboni" na karatasi ikisema "tani ya gazi karboniki", hesabu zinapishana karibu mara ine. Jamaa yenye kutia kidole ku karatasi bila kuuliza tani ya nini, inaweza kutoa ine na kulipwa moja.

Vijana sita na mifuko 23

Niwaambie sasa jambo lililotokea kati ya vijana wa parokia yetu mwaka 2021. Sitataja majina yao, wala jina la depo.

Vijana sita walikuwa wanachimba pamoja ku shimo moja. Watatu kati yao walikuwa waimbaji wa kwaya. Walitoa mawe yao, wakajaza mifuko 23, na kila mufuko ulikuwa kama kilo 50. Walimutuma mumoja wao, yule aliyejua kuandika vizuri, apeleke mifuko ku depo. Alirudi jioni na karatasi yenye kuandikwa tani moja, na dola 160.

Mwaka ule bei ya shaba ilipanda sana. Radio ilisema kwamba ku soko ya London tani moja ilivuka dola 9,000. Wale watano walikuwa wamesikia. Waliposikia "tani moja" na kuona dola 160, damu ilipanda. Walimukamata ku shati, na saa mbili ya usiku walimuleta kwangu.

"Pasta, uyu mutu alituiba! Ku radio banasema tone moja ya shaba iko dola elfu tisa, ye analeta mia moja na makumi sita!"

"Miye sikuiba hata faranga moja," yeye alisema. "Munipekue."

Walikuwa wamekwisha kumupekua. Mudomo wake ulikuwa umepasuka.

Niliwaambia waketi, na bibi yangu akawapa maji. Nikachukua tablo ya shule ya Yenga na chokaa. Nikauliza: "Radio ilisema tani ya nini?" Wakajibu: "Ya shaba." Nikauliza: "Na ninyi mulitoa tani ya nini?" Wakanyamaza. Kisha mumoja akasema polepole: "Ya mawe."

Tulifanya hesabu pamoja. Mawe yalitoka ku shimo na unyevu. Ku karatasi ya depo walikata kilo 100 kwa ajili ya maji. Kilibakia kilo 900. Teneri iliandikwa 6 ku mia. Ukikamata sita ku mia ya kilo 900 unapata kilo 54. Hiyo njo ilikuwa shaba yao. Mawe mengine yote ni mawe tu. Hata malakiti safi kabisa, ile ya kijani kibichi yenye watu wanachonga shanga, katika tani moja haina zaidi ya kilo 575 za shaba. Basi kilo 54, kwa dola 9 kilo moja, hata ukipewa bei yote ya London, ni dola 486. Si 9,000.

"Kati ya 486 na 160," niliwaambia, "kuna asidi, kuna umeme, kuna kamio, kuna kodi, na kuna faida ya mwenye depo. Kama faida ile ni kubwa sana, mubishane naye. Lakini ndugu yenu hana dola 9,000 ku mufuko. Tani ile haikukuwa tani yenu."

Walitazama tablo muda mrefu. Mara mumoja, ambaye hakuwa ameongea hata kidogo, akauliza: "Pasta, lakini mifuko ilikuwa 23. Mifuko 20 ya kilo 50 njo inafanya tani. Ile tatu ilienda wapi?"

Swali lile sikuwa na jibu lake ku tablo.

Kesho yake walifanya jambo la akili. Hawakuenda na fimbo. Walinunua mufuko moja wa simenti, bado umefungwa, na ku mufuko kumeandikwa kilo 50. Wakaenda ku depo pamoja na muzee wa komite ya wachimbaji, wakauweka ku mizani mbele ya watu wote. Mizani ikasema 44. Hakuna aliyepiga kelele. Muzee aliuliza tu: "Simenti ilikonda njiani?" Watu walicheka, na mwenye depo hakucheka. Kisha yuma moja mizani ingine ililetwa. Feza za kilo zilizopotea hazikurudishwa, nisiwadanganye.

Yule kijana wa mudomo wenye kupasuka hakurudi ku kwaya upesi. Wenzake walimuomba musamaha ile usiku, lakini kuomba ni jambo la usiku moja, na kupona ni jambo la siku nyingi. Ilipita karibu miezi miwili mbele ya kumuona tena akisimama kati ya matena. Nilijifunza pale kwamba neno moja lisiloulizwa linaweza kufanya kazi mara mbili: lilificha mwizi wa kweli, na lilitoa mwizi wa uongo kati ya ndugu.

Vipimo vya Biblia

Ku shule ya Biblia walimu walitufundisha kutopita haraka ku vipimo tunapovikuta katika Maandiko, sababu na pale neno moja linafanya kazi nyingi. Shekeli, kwa mufano, ilikuwa kwanza uzito, gramu 11 hivi. Baadaye sana ilikuwa feza. Hata wazee wetu wa Katanga walifanya vile: handa, ule musalaba wa shaba, ilikuwa shaba na ilikuwa mali ya kununulia, na misalaba ile mitatu ilichorwa ku bendera ya Katanga ya mwaka 1960.

Talanta nayo ilikuwa uzito. Mukisoma Kutoka 38 na kufanya hesabu ya feza ya wale watu 603,550, kila mutu nusu shekeli, mutaona wenyewe kwamba talanta moja ni shekeli 3,000, kama kilo 34. Shaba iliyotolewa kwa ajili ya hema ilikuwa talanta 70 na shekeli 2,400: karibu tani mbili na nusu. Katika Agano Jipya talanta ni feza nyingi, dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa mushahara wa kibarua kwa siku moja. Mutu angepaswa kufanya kazi karibu miaka 20 ili aipate. Na leo tunasema: "Kijana huyu ana talanta ya kupiga gitare." Kilo, feza, zawadi: neno moja. Mutu asiyejua, akisoma mufano wa Matayo 25, anafikiri yule mutumishi alifukia gitare.

Na kuna neno la kushangaza zaidi katika 1 Samweli 13, pale Waisraeli walienda kwa Wafilisti ili kunoa majembe yao. Ku Kiebrania kuna neno "pim". Kwa karne nyingi hakuna aliyejua maana yake. Waingereza waliotafsiri mwaka 1611 waliweka "tupa", ile chuma ya kunolea. Kisha wachimbaji wa vitu vya kale walipata katika udongo wa Palestina mawe madogo ya mizani, yameandikwa pim, uzito wake karibu gramu 7.8, kama theluthi mbili za shekeli. Kumbe ilikuwa bei! Wafilisti walikuwa wanawatoza Waisraeli maskini kwa kazi ya kunoa. Neno lilibakia, jiwe lilipotea, na pamoja na jiwe ilipotea hesabu ya wale waliolipa. (Pim na pima yetu ni kufanana kwa bahati tu, musihubiri jambo lile.)

Basi si ajabu kwamba Torati inakataza kuweka katika mufuko mawe mawili, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Na nabii Amosi aliwakemea wale waliongojea sabato iishe upesi ili wapunguze kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa shekeli. Tazameni vizuri: hawakubadilisha jina. Kipimo kiliitwa kipimo, shekeli iliitwa shekeli. Wizi ulikuwa ndani ya jina lilelile.

Maulizo matatu

Ndugu musomaji, sikuambii uogope neno tani. Shofere ataendelea kulisema, fundi wa baridi pia, na mwalimu na mwenye depo. Ni neno zuri, limefanya kazi nyingi. Lakini fundisha jamaa yako maulizo matatu, na muyazoee kama munavyozoea kunawa mikono mbele ya kula.

La kwanza: tani ya nini? Ya mawe ama ya shaba, ya muzigo ama ya kamio yote, ya kaboni ama ya gazi?

La pili: tani ya nani? Ya Kongo, ya Marekani, ya mawe yenye maji ama ya mawe makavu?

La tatu: nani amepima, na mizani yake nani ameipima?

Mama ku soko anajua maulizo haya tangu zamani. Ukimuuzia meka ya bunga anatazama kwanza kama chini hakukupigwa nyundo, na kama uliijaza mpaka juu. Anauliza bila haya. Basi na sisi wanaume wa mugodi tuulize bila haya, na tuulize mbele ya kutia sahihi, si kisha kukamatana ku mashati. Na kama wewe njo mwenye mizani, leo jioni weka juu yake kitu chenye unajua uzito wake, mbele ya watoto wako, na uwasomee hesabu kwa sauti.

Bwana awabariki, na awape kipimo kilichojaa.